Fahamu Jinsi Aloi Zinavyoundwa Ili Zisitanuke kwa Joto

Na Mwandishi Wetu

Jua linapozama, nyumba nyingi zilizoezekwa kwa bati hutoa milio mifupi ya kukatika juu ya dari. Wapo wanaodhani ni ndege au panya, lakini kwa kawaida ni bati lenyewe linalosinyaa baada ya kushinda juani. Bati la chuma lenye urefu wa mita 10, joto lake likipungua kwa nyuzi 40 za Selsiasi, hupungua urefu kwa takriban milimita 5. Misumari hulizuia lisisogee, mkazo hujikusanya, kisha linaachia kwa kishindo kidogo.

Kwa mwenye nyumba, jambo hilo ni kelele tu. Kwa mhandisi wa reli, wa setilaiti, wa meli ya kubeba gesi au wa ndege, badiliko la milimita chache, na wakati mwingine la sehemu ndogo sana ya milimita, ni suala la usalama na la fedha nyingi. Ndiyo maana kwa zaidi ya karne moja wanasayansi wametafuta metali zisizotanuka. Katika miaka ya karibuni utafutaji huo umepata chombo kipya: teknolojia ya kutengeneza vifaa vya metali tabaka kwa tabaka, inayojulikana pia kama uchapishaji wa pande tatu.

Makala haya yanaeleza kwa nini metali hutanuka, namna utanukaji huo ulivyodhibitiwa zamani, teknolojia mpya inavyowezesha mtanuko kupangwa ndani ya kifaa, na maana ya jambo hilo kwa nchi za ukanda wetu zenye madini ya nikeli, kobalti na titani.

Kwa nini metali hutanuka

Metali imejengwa kwa atomi zilizojipanga kwa utaratibu. Atomi hizo hazitulii. Kila moja hutikisika mahali pake, na joto linapoongezeka mtikisiko nao huongezeka. Lau nguvu inayozivuta atomi pamoja ingekuwa sawa na ile inayozisukuma zisikaribiane mno, mtikisiko huo usingebadili umbali wa wastani kati yao. Kwa hakika nguvu hizo si sawa, kwani ni vigumu zaidi kuzisogeza atomi mbili zikaribiane kuliko kuziachanisha kidogo. Kwa hiyo kadiri zinavyotikisika kwa nguvu ndivyo umbali wa wastani kati yake unavyoongezeka, na kipande kizima hutanuka.

Wahandisi hupima tabia hii kwa sehemu za milioni moja kwa kila nyuzi moja ya joto. Fimbo ya chuma yenye urefu wa mita 1 hurefuka kwa takriban maikromita 12 joto linapopanda kwa nyuzi 1. Maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa makumi kadhaa ya maikromita. Kwa kipimo hicho hicho, alumini hurefuka kwa takriban maikromita 23, shaba nyekundu na aina nyingi za chuma kisichoshika kutu kwa takriban 17, na titani kwa takriban 8.6.

Tofauti hizi ndizo huleta matatizo mengi. Vitu viwili vinavyotanuka kwa kiwango sawa vinaweza kuishi pamoja kwa amani. Zege na nondo ni mfano mzuri, kwa kuwa vyote viwili hutanuka kwa kiasi kinachokaribiana sana, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofanya majengo ya zege lenye nondo yadumu. Iwapo nondo zingekuwa za alumini, mabadiliko ya joto ya kila siku yangeufanya uunganisho wake na zege kulegea, na hatimaye zege kupasuka.

Milimita chache zenye gharama kubwa

Reli ni mahali ambapo Watanzania wengi wanaweza kuuona uzito wa suala hili. Reli za zamani ziliachiwa nafasi ndogo kila baada ya mita kadhaa, na mlio wa magurudumu yakivuka nafasi hizo ulizoeleka kwa wasafiri. Reli za kisasa huchomelewa zikawa kipande kimoja kirefu ili treni ipite kwa kasi na kwa utulivu. Kipande cha reli cha mita 100 kikiachwa huru kingerefuka kwa milimita 36 joto lake linapopanda kwa nyuzi 30. Kwa kuwa kimefungwa kwenye mataruma, hakiwezi kurefuka, hivyo mabadiliko yote hugeuka kuwa kani. Kwa reli yenye uzito wa kilo 60 kwa mita, kani hiyo hufikia takriban tani 55 katika kila mstari wa reli. Bila mataruma mazito, kokoto za kutosha na kufungwa reli ikiwa katika joto lililochaguliwa kwa uangalifu, reli huweza kujipinda ghafla wakati wa jua kali.

Kwa reli, suluhisho ni kuizuia. Kuna vifaa ambavyo haviwezi kuzuiwa kwa namna hiyo. Setilaiti ndogo za kupiga picha za ardhi huzunguka dunia mara moja kwa takriban dakika 90, zikipita juani na kivulini zaidi ya mara 15 kwa siku. Kenya ilirusha setilaiti yake ya Taifa-1 tarehe 15 Aprili, 2023 kwa ajili ya picha zinazosaidia kilimo, mazingira na kukabiliana na maafa. Katika kamera ya aina yoyote ya setilaiti, umbali kati ya kioo na kihisi cha picha lazima usibadilike. Kwa mfano, fremu ya alumini yenye urefu wa nusu mita hurefuka kwa maikromita 115 joto linapopanda kwa nyuzi 10. Kiasi hicho kinaweza kutosha kuifanya picha ya shamba la mahindi isitofautike na ya kichaka kilicho kando yake.

Mfano wa tatu unatoka katika viwanda vya ndege. Mabawa na viwiliwili vya ndege nyingi za kisasa hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi maalumu ndani ya tanuri lenye joto la takriban nyuzi 180. Nyuzi hizo karibu hazitanuki. Kalibu ya alumini yenye urefu wa mita 3 hurefuka kwa milimita 11 kuanzia joto la kawaida hadi joto la tanuri, na kipande kinachotoka humo huwa kimepinda au kina mkazo uliofichika ndani yake.

Kutoka saa ya ukutani hadi Tuzo ya Nobel

Tatizo hili lilianza kusumbua watengenezaji wa saa. Saa ya pendulamu huhesabu muda kwa urefu wa fimbo yake. Fimbo ya chuma ikipata joto la nyuzi 10 zaidi hurefuka, na saa huchelewa kwa takriban sekunde 5 kwa siku. Mwingereza John Harrison, seremala aliyejifunza uundaji wa saa, alilitatua tatizo hilo katika miaka ya 1720 kwa kupanga fimbo za chuma na za shaba ya manjano sambamba. Fimbo za chuma zilipolisukuma tunguu la pendulamu chini, zile za shaba ya manjano zililivuta juu kwa kiasi kile kile. Hakuwa na metali isiyotanuka, bali alizipanga metali mbili zinazotanuka ili moja ifute kosa la nyingine. Wazo hilo, kama tutakavyoona, limerejea katika maabara za leo.

Hatua kubwa iliyofuata ilitokea mwaka 1896 katika Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani huko Sèvres, karibu na Paris. Mwanafizikia Mswisi Charles Édouard Guillaume alikuwa akitafuta metali ya bei nafuu ya kutengenezea mita za mfano, kwa kuwa mita ya asili ilikuwa ya platini na iridi, metali ghali mno. Alipochunguza michanganyiko mbalimbali ya chuma na nikeli, aligundua kuwa aloi yenye takriban asilimia 36 ya nikeli hutanuka kwa kiasi cha maikromita 1.2 tu kwa mita, yaani mara kumi pungufu ya chuma cha kawaida. Aloi hiyo iliitwa Invar, kwa maana ya kitu kisichobadilika. Ugunduzi huo ulimpatia Guillaume Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920.

Siri ya Invar imo katika usumaku. Aloi hii ni ya sumaku, na usumaku huo huzifanya atomi zake zichukue nafasi kubwa kidogo kuliko ambavyo zingechukua bila usumaku. Joto linapopanda, mtikisiko wa atomi hutaka kuitanua aloi. Wakati huo huo usumaku hudhoofika, na nafasi ile ya ziada hupungua. Mambo haya mawili hufutana. Mwaka 2023 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya California, nchini Marekani, walichapisha vipimo walivyofanya kwa kuibana aloi hiyo kati ya ncha za almasi na kuimulika kwa eksirei, vikionesha kuwa mchango wa mtikisiko na mchango wa usumaku hulingana karibu kabisa. Hii pia ndiyo sababu Invar hupoteza sifa yake inapopita joto la takriban nyuzi 250, kwani usumaku wake ukitoweka hutanuka kama metali nyingine.

Invar imetumika kwa vipimo vya ardhi, saa, kalibu za ndege na hata matangi ya meli. Gesi asilia ikipozwa hadi takriban nyuzi 162 chini ya sifuri hugeuka kimiminika, na katika baadhi ya meli zinazoibeba, ngozi ya ndani ya tangi huwa ni Invar yenye unene wa milimita 0.7 tu. Kuta za chuma kisichoshika kutu katika tangi la mita 40 zingesinyaa kwa zaidi ya sentimita 10 tangi linapojazwa, ilhali Invar husinyaa kwa kiasi cha sentimita 1. Watengenezaji wengine hutumia chuma kisichoshika kutu, lakini hukikunja kwa mikunjo midogo inayofunguka na kujifunga bila kuchanika. Kwa hiyo tangu zamani kumekuwa na njia mbili za kukabiliana na joto, ya kwanza ikiwa kuchagua metali na ya pili kuchagua umbo.

Vikwazo vya aloi hiyo

Pamoja na sifa zake, Invar ina mapungufu. Ni nzito, ikiwa na uzito wa takriban gramu 8.1 kwa kila sentimita ya ujazo, karibu mara tatu ya alumini. Si imara kama aina nyingi za chuma cha kisasa. Aidha, ni ngumu kuikereza. Ni laini na yenye kunata, huzidi kuwa ngumu kadiri inavyokatwa, na huchakaza haraka visu vya mashine. Kipande kinachochongwa kutoka katika bonge kubwa huacha sehemu kubwa ya metali hiyo ya gharama ikiwa vipande vya taka sakafuni.

Kikwazo kingine ni pale Invar inapokutana na metali nyingine. Ukiifunga kwa skrubu au kuichomelea kwenye fremu ya chuma kisichoshika kutu, tofauti yote ya mtanuko hujikusanya kwenye mstari mmoja mwembamba. Hapo ndipo nyufa huanzia na gundi huachia.

Uchapishaji wa pande tatu unavyofanya kazi

Katika njia inayotumika sana, mashine hutandaza unga laini wa metali kwa unene wa takriban sehemu 30 hadi 50 za elfu za milimita. Miale ya leza huyeyusha unga huo katika sehemu tu zinazotakiwa kuwa kifaa, kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Kisha jukwaa hushuka kidogo, tabaka jingine hutandazwa, na kazi hurudiwa mara maelfu hadi kifaa kikamilike. Chumba cha mashine hujazwa gesi ya argoni ili metali isiungue kwa oksijeni. Unga ambao haukuyeyuka huchekechwa na kutumika tena.

Njia ya pili humwaga unga kupitia mdomo wa mashine moja kwa moja kwenye dimbwi dogo lililoyeyushwa na leza. Ya tatu hutumia waya na cheche ya umeme, kwa kanuni ile ile anayoitumia fundi wa kuchomelea mtaani, isipokuwa mkono hapa ni wa roboti. Njia hiyo ya waya hufaa kwa vitu vikubwa, zikiwemo kalibu za Invar za viwanda vya ndege, kwa kuwa hujenga kalibu katika umbo linalokaribia la mwisho na kuacha sehemu ndogo tu ya kukerezwa.

Faida ya teknolojia hii haiishii katika kupunguza taka. Kwa kuwa kifaa hujengwa nukta kwa nukta, mhandisi anaweza kuamua kila nukta iwe na mchanganyiko gani, fuwele zake zielekee wapi, na iwe na umbo gani. Kila moja ya chaguo hizo hubadili mtanuko.

Njia ya kwanza: metali mbili katika kipande kimoja

Mwaka 2014 watafiti wa Maabara ya Jet Propulsion ya Shirika la Anga la Marekani, NASA, wakishirikiana na vyuo vikuu vya nchi hiyo, walionesha kifaa cha kushikilia kioo cha darubini kilichoanza upande mmoja kikiwa chuma kisichoshika kutu na kuishia upande wa pili kikiwa Invar. Hapakuwa na mstari wa kuunganisha. Mashine ilibadili polepole uwiano wa unga uliokuwa ukimwagwa, hadi metali moja ikageuka kuwa nyingine.

Upande wa Invar ulibandikwa kwenye kioo kwa gundi. Kwa kuwa upande huo hautanuki sana, gundi haikupata mkazo wa kuivunja. Upande wa chuma kisichoshika kutu ungeweza kufungwa kwenye chombo cha angani kwa njia za kawaida. Tofauti ya mtanuko haikuondoka, bali ilisambazwa katika unene wote wa kifaa badala ya kubebwa na mstari mmoja.

Hata hivyo, si kila metali hukubali kuchanganywa hivyo. Chuma kisichoshika kutu na Invar huelewana kwa sababu atomi zao zimejipanga kwa mpangilio wa aina moja. Titani na chuma, kwa upande mwingine, vikichanganyika huzaa viunganisho vigumu vinavyovunjika kama kigae. Watafiti wamejaribu kuzitenganisha kwa kupitia metali ya tatu, vanadi, lakini nayo ikikutana na chuma kwa uwiano fulani huweza kuzaa kiunganisho kingine chenye kuvunjika upesi. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, mtaalamu huchora ramani ya michanganyiko yote, kisha hutafuta njia inayokwepa maeneo hayo ya hatari, mithili ya nahodha anayeijua miamba kabla ya kuingia bandarini.

Njia ya pili: kupanga fuwele

Metali ni mkusanyiko wa fuwele ndogo. Katika aloi fulani, hasa za nikeli na titani na nyingine za msingi wa titani, kila fuwele hutanuka sana upande mmoja na kusinyaa upande mwingine inapopata joto. Katika kipande cha kawaida fuwele huelekea kila upande, hivyo tabia hizo hufichana. Fuwele zikielekezwa upande mmoja, kipande kizima husinyaa kwa joto katika mwelekeo huo.

Nchini Marekani aloi ya aina hii inayoitwa ALLVAR Alloy 30, ambayo fuwele zake hupangwa kwa kuilazimisha metali ibadilike umbo, tayari inauzwa. Husinyaa kwa takriban maikromita 30 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Fimbo yake ya sentimita 10 ikiunganishwa na fimbo ya chuma ya sentimita 25, moja husinyaa kwa maikromita 3 wakati nyingine ikirefuka kwa maikromita 3, na urefu wa jumla haubadiliki. Ni wazo la Harrison lililovaa vazi jipya.

Uchapishaji wa pande tatu unafungua uwezekano wa kuzipanga fuwele wakati kifaa kinajengwa. Fuwele huota kufuata mwelekeo ambao joto hutoroka kutoka katika dimbwi lililoyeyuka. Kwa kubadili kasi ya leza, nguvu yake na njia inayopita, mtaalamu hubadili mwelekeo huo. Kwa nadharia, kifaa kimoja chenye mchanganyiko mmoja kinaweza kutanuka mahali pamoja, kusinyaa mahali pengine na kutulia mahali pa tatu.

Njia ya tatu: umbo linalofuta joto

Njia ya tatu haihitaji aloi ya pekee. Chukua pembetatu yenye miguu miwili ya titani, kila mmoja milimita 100, na kitako cha alumini cha milimita 122, vikiunganishwa kwenye pembe kwa namna inayoruhusu kuzunguka kidogo. Joto linapopanda kwa nyuzi 100, miguu hurefuka na kujaribu kuinua kilele. Kitako nacho hurefuka zaidi, kikiitanua miguu pembeni na kukishusha kilele. Kwa vipimo hivyo, mambo haya mawili hulingana, na kimo cha pembetatu hubaki kama kilivyokuwa. Kitako kikirefushwa zaidi, kilele hushuka, yaani umbo zima husinyaa kwa kupata joto ingawa metali zote mbili zimetanuka.

Nadharia ya miundo ya namna hii iliwekwa wazi katika tafiti zilizochapishwa miaka ya 1990, lakini kuunda maelfu ya pembetatu hizo ndani ya kipande kinachoenea kiganjani lilikuwa jambo gumu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu na maabara za Marekani walichapisha muundo wa wavu wa plastiki, baadhi ya vijiti vyake vikiwa vimechanganywa na unga wa shaba, ambao ulisinyaa ulipopashwa joto. Juhudi za kufikisha miundo hiyo katika metali zinaendelea, kwa kuwa wavu wa metali ni mwepesi na huweza kubeba mzigo, sifa zinazotafutwa sana katika vyombo vya angani.

Changamoto zilizopo

Teknolojia hii bado haijafika mahali pa kuondoa tanuri na mashine ya kukereza. Dimbwi linaloyeyushwa na leza hupoa kwa kasi ya zaidi ya nyuzi laki moja kwa sekunde, hivyo mkazo hubaki umejifungia ndani ya kifaa. Kifaa kinaweza kupinda mara tu kinapokatwa kutoka kwenye jukwaa, na mkazo huo hubadili pia kipimo cha mtanuko chenyewe. Kwa sababu hiyo vifaa vingi hupashwa joto upya kwa utaratibu maalumu kabla ya kutumika.

Vilevile, leza ikiwa na nguvu kupita kiasi huacha vitundu ndani ya metali, na ikiwa dhaifu huacha unga usioyeyuka. Kipande kinaweza kutanuka tofauti kulingana na upande kilikojengwa kuelekea. Haya yote hayaonekani kwa macho, hivyo kila kifaa muhimu lazima kipimwe. Bila maabara ya vipimo yenye kuaminika, hata mashine bora ya uchapishaji hutoa vifaa ambavyo hakuna mhandisi atakayethubutu kuvitumia.

Lipo pia suala la afya na usalama kazini. Unga laini wa titani na alumini huweza kuwaka moto au kulipuka, na vumbi la nikeli na kobalti lina madhara kwa mapafu. Karakana zinazoingia katika kazi hii zinahitaji vifaa vya kinga, mifumo ya kunyonya vumbi na mafunzo kwa wafanyakazi kabla ya kuwasha mashine.

Maana yake kwa ukanda wetu

Orodha ya metali zilizotajwa katika makala haya inafahamika kwa wasomaji wa Afrika Mashariki na Kati. Invar ni theluthi mbili chuma na theluthi moja nikeli. Kabanga, wilayani Ngara mkoani Kagera, kuna hazina kubwa ya nikeli iliyoambatana na kobalti na shaba. Januari 2021 Serikali ya Tanzania ilitia saini makubaliano ya kuendeleza hazina hiyo kupitia Kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali inamiliki hisa asilimia 16, na mpango unahusisha usafishaji wa madini hayo hapa nchini, wilayani Kahama. Liganga, wilayani Ludewa mkoani Njombe, kuna chuma kilichoambatana na titani na vanadi. Jirani yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huchimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, metali inayoongezwa katika aloi za jamii ya Invar ili kuupunguza mtanuko zaidi au kuulinganisha na ule wa kioo.

Ni vyema kuwa na matarajio yenye vipimo. Sehemu kubwa ya nikeli duniani huenda katika kutengeneza chuma kisichoshika kutu, na soko la aloi zisizotanuka ni dogo likilinganishwa na hilo. Hakuna nchi itakayotajirika kwa Invar peke yake. Hata hivyo, tofauti ya thamani kati ya tani ya mawe yenye nikeli na kifaa cha kilo chache kinachoshikilia kioo cha setilaiti ni kubwa mno, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni maarifa: kujua mchanganyiko, kuutengeneza kuwa unga, kuuchapisha na kuthibitisha kwa vipimo kwamba kifaa ni salama.

Maarifa hayo yana ngazi. Ngazi ya kwanza ni fundi wa kuchomelea na kukereza aliyefunzwa vyema katika vyuo vya ufundi stadi, kwa kuwa mashine za waya na cheche ya umeme zinaendeshwa kwa kanuni anazozijua tayari. Ngazi ya pili ni mhandisi wa metali anayeweza kuisoma ramani ya michanganyiko. Ngazi ya tatu ni maabara ya viwango inayoweza kupima badiliko la maikromita chache na kutoa cheti kinachoheshimiwa nje ya mipaka. Mashine inaweza kununuliwa kwa zabuni moja, lakini ngazi hizo hujengwa kwa miaka.

Kwa kijana anayechagua mchepuo wa masomo leo, fizikia ya joto anayofundishwa sekondari kwa mfano wa mpira wa chuma unaokataa kupita kwenye pete baada ya kupashwa moto ndiyo msingi wa kazi hii yote. Guillaume alianza kwa kupima fimbo moja baada ya nyingine kwa subira hadi akaikuta ile isiyobadilika. Zana zimebadilika tangu wakati huo, ila kazi bado ni ile ile: kupima kwa uaminifu, kuuliza kwa nini matokeo yamekuwa hivyo, na kuligeuza jibu kuwa kifaa chenye manufaa kwa wananchi.